Siku Mama Alipopanda Tena Gari Ulilotuletea

Lisekese,
S.L.P. 64,
Masasi.

24 Mei 1998

Mpendwa shemeji Cecil,

Naanza na salamu, habari zinaweza kusubiri. U hali gani huko Dubai? Kazi inaendaje, na lile joto unalolisimulia limeshaanza? Kifua chako kilichokusumbua mwaka juzi kimetulia? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Homa zimepita nyumba hadi nyumba kama kawaida ya masika. Pili naye alilala kidogo, lakini amesharudi shule na kelele zake zimerudi naye. Dada yako Oliva anasema shikamoo kaka, na anauliza kama unakula chakula cha kueleweka au bado unaishi kwa mkate na chai.

Barua yako uliyoiandika kabla ya Krismasi ilitufikia mwezi wa tatu, imelowa pembeni lakini inasomeka. Usitulaumu kwa ukimya wetu. Mvua za mwaka huu, hizi wanazoziita Elinino, zimekata barabara ya Dar mahali pengi mno, na sisi watu wa kusini tumekuwa kama tuko kisiwani. Barua hii nampa mtu anayepanda ndege Mtwara, aifikishe posta ya Dar kwa mkono wake mwenyewe.

Mashambani si kuzuri sana. Mvua zilizowahi ziliharibu korosho zikiwa bado chini ya miti. Wanunuzi binafsi walikuja na malori yao, wakanunua za mwanzo, na walipoyaona mawingu wakaondoka zao. Lile ghala la chama cha ushirika nililolitunza miaka yote ile limekodishwa kwa mtu wa mitumba. Nikipita pale naona mashati yanapepea mlangoni tulipokuwa tunapanga magunia, nami napita tu. Mihogo ipo, kwa hiyo njaa haitatushika.

Sasa nije kwenye gari. Najua ndilo unalongoja kusikia, na najua umesikia vipande vipande kutoka kwa watu waliopiga simu Dubai. Nitakueleza yote kama yalivyokuwa, usiwasikilize wengine.

Gari lilipofika lilikuwa zima kuliko tulivyotazamia kwa gari lililokwishatumiwa na Wajapani, likauzwa tena hapo kwenu, likapigwa na chumvi ya bahari hadi Dar. Injini nzuri, bodi nzuri, maandishi yote ya kwenye dashibodi ni ya Kijapani na hakuna anayeyajua. Wewe katika karatasi uliyoiweka ndani ulieleza mambo ya oili na ya breki, na juu ya kile kitufe cha duara kilicho karibu na usukani ukaandika maneno machache tu, kwamba nisikiguse mpaka nikwame. Nikakutii. Nilikaa nacho miezi sikukigusa.

Mwezi wa kwanza Mama alitaka kwenda Mnyambe, juu ya mlima wa Newala, kumwona mdogo wake Veridiana, mama yako mdogo. Unajua Mama na mimi tunavyoishi. Tangu nimwoe Oliva, Mama hajawahi kula mbele yangu, wala mimi mbele yake. Akitaka kuniambia jambo humwambia Oliva, au humwambia Pili nikiwa nimesimama palepale, na jina langu halijatoka kinywani mwake hata mara moja. Kwake mimi ni Baba Pili. Sisemi kwa kulalamika, hiyo ndiyo heshima ya mkwe na nimeizoea. Nakukumbusha ili uelewe yaliyofuata.

Tulikwenda vizuri, mimi, Mama na Oliva. Kurudi, tulipotoka tu Mnyambe, tukaingia kwenye mchanga uliolowa, gari likazama nyuma. Tairi moja linazunguka bure, la pili limetulia kama halihusiki. Nikasema, basi leo ndiyo siku ya kitufe. Nikasimamisha gari, nikaingiza gia ndogo ya magurudumu manne, nikazungusha kitufe. Nikasikia mlio mdogo chini ya sakafu, nikakanyaga mafuta taratibu, na gari likatoka mchangani kama mtu anayetoka kitandani. Oliva alipiga kigelegele. Nikarudisha kitufe mahali pake, nikatoa ile gia, tukaendelea na safari.

Kumbe difu, ile gia ya ekseli ya nyuma ambayo kitufe kile huifunga, haikufunguka. Mimi nimekizima kitufe, lakini kule nyuma magurudumu yote mawili bado yamefungwa pamoja. Kuna taa ndogo kwenye dashibodi ambayo ingeniambia, ila balbu yake ilikuwa imeungua, na mimi sikujua hata kama hapo pana taa. Mchangani hutambui kitu. Tulipofika kwenye mlima wa Newala, kwenye mteremko ule wa changarawe ngumu, nikaanza kusikia matairi ya nyuma yanalia na usukani unakuwa mzito. Nikadhani ni upepo umepungua. Kwenye kona ya pili nikakata kushoto na gari likakataa. Nakuambia lilikataa, shemeji. Magurudumu ya mbele yameelekea kushoto na gari zima linakwenda mbele, kwenye gema, ambako chini unaona vilele vya miti.

Tulisimamishwa na tuta la udongo ambalo watu wa barabara walikuwa wamelirundika ukingoni. Gurudumu moja la mbele lilining'inia hewani. Hakuna aliyeumia. Oliva alilia, mimi nilishindwa kufungua mlango.

Mama alifungua wake. Akashuka upande wa mlimani, akavua viatu, akavishika mkononi, akaanza kuteremka kwa miguu. Watu waliokuwa wakipanda na baiskeli zao walitusaidia kulivuta gari nyuma. Nilipolirudisha nyuma ndipo kitu kikagonga chini, tak, na usukani ukawa mwepesi. Tukamfuata Mama. Oliva akamwita, hakugeuka. Nami siwezi kumbembeleza mkwe wangu barabarani, kwa hiyo nikaendesha polepole nyuma yake, yeye mbele na viatu mkononi, gari nyuma kama ng'ombe anayechungwa, mpaka chini kabisa ya mlima. Watu walitoka majumbani kutazama. Chini alipata gari jingine la abiria, akapanda hilo, akafika Lisekese kabla yetu.

Hiyo ndiyo habari uliyoipata Dubai, kwamba gari ulilotuma halikati kona. Ilienea Masasi yote, ikapanda hadi Newala.

Nilimpelekea gari Kulwa, yule fundi aliyehamia hapa kutoka Mwanza. Yeye pia hakuwa amewahi kulifungua la namna hii, na alisema hivyo bila kuficha. Tukalifungua pamoja hapa nyumbani, uani, mbele ya baraza. Nyuma kwenye difu kuna mota ndogo inayosukuma kitu cha ndani kinachoyafunga magurudumu mawili yawe kama moja. Mota ile ilikuwa imejaa kutu na udongo, inakwenda mbele kwa shida na kurudi inagoma. Kulwa aliisafisha, akaipaka grisi, akatengeneza waya uliooza, akatia balbu mpya kwenye ile taa.

Halafu akalinyanyua gari nyuma kwa jeki, magurudumu yote mawili ya nyuma yakawa hewani, gia imetolewa. Akanionyesha kwa mkono. Difu ikiwa wazi, unaweza kulizungusha gurudumu la kulia na la kushoto lisijali. Difu ikifungwa, ukilizungusha la kulia la kushoto nalo linakwenda, sawa kwa sawa, huwezi kuyatenganisha hata ukivuta. Tukarudia mara nyingi. Funga, zungusha. Fungua, zungusha. Mama alikuwa barazani anamenya mihogo. Hakututazama hata mara moja, au ndivyo nilivyodhani.

Sasa nikueleze inavyofungwa, maana siku utakayoliendesha wewe nataka ujue. Unasimama kabisa, unaingiza gia ndogo ya magurudumu manne, ndipo unazungusha kitufe. Taa itaanza kupepesa. Kupepesa maana yake bado, haijashika. Unasogeza gari kidogo sana, mbele au nyuma, hadi taa itulie. Ikitulia, imeshika, na hapo unakwenda taratibu, ukielekeza gari mbele moja kwa moja. Usitegemee kukata kona. Ukishatoka kwenye ubaya, unazima kitufe na kungoja taa izimike. Isipozimika, rudi nyuma kidogo huku ukiuchezesha usukani kulia na kushoto, itaachia. Na kwenye barabara ngumu usifunge kabisa. Ni hivyo tu. Ungeniandikia maneno haya kwenye ile karatasi tungeepuka mengi, lakini sikulaumu, huenda nawe hukuyajua.

Miezi ikapita. Nikawa nabeba watu na mizigo kati ya Lisekese na mjini, Mama akiwa na safari anakwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Nikimpita njiani na gari, anaangalia upande wa mashamba.

Mwezi wa nne, katikati ya mvua mbaya kuliko zote, alikuja Sikudhani. Humjui, ni jirani yake Mama Veridiana kule Mnyambe, mwanamke wa makamo, mpole. Alikuwa ameshuka mlima kwa miguu na chini akapata lori. Alifika amelowa hadi mifupa, akakataa kukaa kabla hajasema. Nyumba ya Mama Veridiana imeanguka. Ukuta wa nyuma ulilowa siku nyingi, alfajiri ukamwangukia akiwa anawasha moto, ukamvunja mguu chini ya goti. Majirani walimtoa wakamlaza kwa Sikudhani. Magari mawili yaliyojaribu kutoka Newala mjini kumfuata yalikwama njiani, yako hukohuko. Kumbeba kwa machela walijaribu, lakini makorongo yamekata njia na kila wakiteleza yeye anazimia. Na mguu umeanza kubadilika rangi.

Oliva alianza kulia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikitafuta namna ya kusema kwamba nitakwenda, bila kuonekana nataka kulisafisha jina la gari. Mama akainuka pale alipoketi. Akaingia chumbani, akatoka na kanga mbili na bakuli la njugu mawe zilizochemshwa asubuhi. Akatupita sote, akatoka mvuani, akafungua mlango wa mbele wa gari, akaketi.

Oliva akamfuata. "Mama, unakwenda wapi?"

"Kwa mdogo wangu. Mwambie Baba Pili awashe."

Baba Pili alikuwa amesimama hatua chache tu, anasikia kila kitu. Nikawasha. Tulilaza godoro nyuma, Sikudhani akakaa juu yake ili atuonyeshe njia ya makorongo, na Oliva akabaki kutengeneza mambo ya hospitali na kuangalia watoto.

Tukafika chini ya mlima. Mlima wenyewe hukuwahi kuuona hivyo, hata enzi zako za shule ya Chidya mlipokuwa mkitembea kila mahali. Changarawe yote imesombwa, umebaki udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni, na katikati korongo linaloweza kumeza ndama. Kwenye kipande cha kwanza gari lilianza kuserereka kuelekea korongoni. Tairi la nyuma la kulia likapiga hewa. Nikasimama.

Mama akasema bila kugeuza kichwa, "Sikudhani, muulize Baba Pili, yako pamoja au yameachana?"

Sikudhani akachanganyikiwa. "Nini hayo, mama?"

"Magurudumu. Yeye anajua."

Ndipo nilipotambua kwamba siku ile barazani aliona kila kitu. Nikajibu nikimtazama Sikudhani kwenye kioo, "Mwambie Mama yameachana. Sasa nayaweka pamoja."

Nikaingiza gia ndogo, nikazungusha kitufe. Taa ikapepesa. Nikasogeza gari nyuma kidogo, ikaendelea kupepesa. Nikasogeza mbele, ikaendelea. Jasho likanitoka, maana nyuma yetu ni mteremko na breki kwenye matope yale si breki. Nikalisogeza tena kidogo, na taa ikatulia.

"Imetulia," alisema Mama. Safari hii hakumwambia Sikudhani. Aliiambia dashibodi.

Nikakanyaga mafuta taratibu. Gari likatikisika, likatafuta, halafu yale magurudumu mawili ya nyuma yakashika kwa pamoja na tukapanda, moja kwa moja, kando ya korongo, huku matope yakiruka hadi juu ya paa. Tulipofika kwenye mawe, pagumu, nikasimama kuzima. Taa haikuzimika. Nikarudi nyuma, nikauchezesha usukani, bado. Mama akaweka mkono wake juu ya dashibodi kama mtu anayemzuia mwingine asiondoke.

"Tusubiri," akasema.

"Ndiyo, Mama." Nikarudi nyuma tena, nikasikia tak ileile ya siku ile. Taa ikazimika.

Mbele yetu palikuwa na ile kona. Na lile tuta halikuwapo tena, mvua imelichukua. Nikazima injini. Nilifikiri, mtu huyu ni mama mzazi wa mke wangu, sina haki ya kumpitisha hapa kwa nguvu. Nikamwambia Sikudhani amwambie kwamba akitaka kushuka na kutembea hadi juu nitamngoja mbele. Sikudhani hakuwahi kufungua mdomo. Mama alinigeukia mimi. Sikumbuki kama aliwahi kunitazama usoni kabla ya hapo.

"Baba Pili, siku ile nilitembea kwa hasira, sikutembea kwa woga. Leo sina hasira. Endesha."

Nikaendesha. Gari likakata kona kama gari lolote.

Juu ya uwanda mvua ilitukamata nzito hadi sikuona boneti. Nikasimama chini ya mikorosho kuingoja ipungue. Mama akafunua bakuli, akala njugu mbili tatu, akampa Sikudhani. Kisha akaliweka bakuli katikati, kati ya kiti chake na changu. Nikaangalia nje. Akalisogeza zaidi upande wangu. Shemeji, nilichukua njugu moja, nikaimenya polepole sana, nikaila nikiwa nimegeukia dirishani. Baadaye nikachukua nyingine. Tulikula hivyo, kila mtu anaangalia kwake, mpaka mvua ikapungua na bakuli likabaki na maji ya chumvi. Oliva nilipomweleza hakuamini, akaenda kumuuliza Sikudhani.

Kutoka hapo hadi Mnyambe tulifunga na kufungua mara nyingi. Kila mara Mama aliuliza, nami nilijibu. Yako pamoja? Yako pamoja, Mama. Yameachana? Yameachana. Tulilipita gari moja la Newala lililozama hadi milangoni, dereva wake ameketi juu ya paa amejifunika turubai. Tulilivuta likatoka, akatuombea dua.

Mama Veridiana tulimkuta amelala kwa Sikudhani, amekonda, mguu umefungwa kwa vijiti na vitambaa. Majirani walikuwa wamejaa. Aliposikia tumekuja na gari gani alishika ukingo wa kitanda.

"Si ndilo hilo lisilokata kona? Dada, niacheni nife kitandani. Sitaki kufia korongoni."

Watu wakanong'ona. Kuna mzee mmoja akasema ni kweli, habari hiyo hata wao waliisikia. Mimi nilikuwa mlangoni, kofia mkononi. Gari si langu, ni lako, na mgonjwa si wangu, ni wenu.

Mama aliinama, akamwekea mdogo wake kanga mabegani.

"Limekata. Nimelipanda mimi mwenyewe, kona zote nimezihesabu. Na anayeliendesha ni mwanangu. Haya, inuka."

Nilitoka nje. Nikazunguka gari, nikapiga teke tairi moja baada ya jingine, matairi ambayo hayakuwa na shida yoyote. Mkwe wangu ana watoto wawili, wewe na Oliva, na kati ya nyinyi mmoja tu ni wa kiume. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Tulilala Mnyambe kwa sababu giza lilikuwa linaingia, asubuhi tukaondoka. Kushuka sikufunga difu isipokuwa kwenye makorongo mawili, na kila mara nilingoja taa izimike kabla ya kupata udongo mgumu. Mama alikuwa nyuma sasa, amempakata mdogo wake kichwa, na aliniuliza kutoka hukohuko. Mama Veridiana alipiga kelele kila tulipotikisika, halafu baadaye akaacha kupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Tulifika hospitali ya misheni mchana. Walimpasua siku hiyohiyo. Mguu umeokolewa, vidole viwili vimekatwa. Daktari alisema angekaa kule juu kidogo tu zaidi wangeukata kuanzia gotini, au asingekuwapo.

Sasa yuko hapa Lisekese, anatembea kwa mkongojo. Yeye na Mama wanagombana tangu asubuhi juu ya chumvi kwenye mboga na juu ya nani alikuwa mrembo zaidi walipokuwa wasichana. Nyumba ina kelele nzuri.

Ukimpata mtu anayekuja, nitumie mota nyingine ya difu kama hiyo, hata iliyotumika, niiweke akiba. Kulwa anasema hii itatufikisha mbali lakini ameiona kutu yake.

Jambo la mwisho ndilo zito, nami nimelizungushia maneno mengi kabla ya kulifikia. Mama Veridiana hana mtoto. Nyumba yake ya Mnyambe imeanguka, na kabla hata hajatolewa plasta, mtu mmoja wa upande wa marehemu mume wake ameanza kufyeka kwenye mikorosho yake, akisema mwenye shamba hatarudi. Mama Veridiana anataka kurudi kwake nyumba ikijengwa, na shamba lile ni la ukoo wenu, alilipata kwa bibi yenu, halikuwa la mume.

Mimi nimekwenda kule kuuliza kwa adabu. Wazee waliniambia kwa adabu pia kwamba mimi ni mkwe. Ni kweli. Mkwe hasimami kusema mbele ya wazee juu ya ardhi ya ukoo wa mke wake, hata kama amepanda mlima ule mara mia. Wamesema wazi wanamngoja mjomba, mwanamume wa ukoo wa upande wa mama, na mjomba huyo ni wewe. Wamekubali kungoja hadi mikorosho itakapotoa maua, baada ya hapo wataamua bila wewe.

Hakuna aliyeniagiza kuandika hili. Mama hawezi kukuomba, unamjua. Anasema Cecil ana kazi zake. Lakini jioni nyingine namsikia akimwambia mdogo wake unavyotembea, unavyocheka, mkono unaotumia kushika kijiko, kama mtu anayeogopa kusahau. Ulituletea gari, na Mungu akulipe kwa hilo, limemwokoa mama yako mdogo. Gari linaweza kupanda mlima wa Newala mvua ikinyesha. Kuketi kwenye kikao cha ukoo haliwezi. Njoo, shemeji. Nitakuja kukupokea mimi popote utakaposhukia, na barabara ikiwa mbaya tutaipita.

Mama yako Anjelina anakusalimu sana. Mama Veridiana anakusalimu, anasema usimcheke kwa vidole. Oliva, Pili na wadogo zake wote wanakuamkia mjomba wao, shikamoo. Ndugu yangu Nurdini na mkewe Stamili wanakutakia heri. Sikudhani, ambaye hamjaonana, naye ameomba aingie kwenye salamu.

Mola akuhifadhi huko uliko, akupe afya na riziki ya halali, na akufungulie njia ya kurudi kwa waliokuzaa.

Nakupenda, nakungoja,
shemeji yako,
Bwanali